Tundu la Tisa

Kiti hakisogei. Hilo tulikubaliana mapema,
mimi na baba, uani kwetu Mishomoroni,
kabla gari halijapata hata magurudumu:
nyuma ya kiti kuna tangi, chini yake chasisi,
hapapiti hata kidole cha mtoto.

Basi nani atamfuata mwenziwe?
Baba ana miguu ya kurukia mitaro,
mimi nikisimama kando yake namfika kwapani.
"Weka mto mgongoni," akasema.
Nikamwambia mto ni wa kulalia.
Pedali ndizo zitakazotembea.

Nikachora nyuma ya kalenda ya duka la rangi,
mwezi wa Machi, kwa penseli ya seremala:
bamba moja la chuma, unene milimita sita,
juu yake klachi, breki na mafuta,
ndugu watatu kwenye mkeka mmoja.
Masta silinda nazo zipande papo hapo,
maana ukisogeza pedali ukaiacha silinda nyuma
ufito wake utabaki kusukuma hewa.
Mabomba tu ndiyo yawe ya mpira,
yajikunje, yajikunjue.

Reli nilizipata Mwembe Tayari, kwa Bakshweni,
za droo ya ofisi fulani ya zamani.
"Hizi zimebeba mafaili miaka thelathini,"
alisema akizipuliza vumbi,
"mguu wako si kitu."
Nikaamini.

Siku ya kujaribu, baba akaketi,
akakanyaga breki kama aliyemwona mbuzi barabarani,
na ile pini yangu moja, tak, ikakatika.
Breki ikaukimbia mguu.
Gari lilikuwa juu ya matofali, halikwenda popote,
lakini tulinyamaza sote wawili,
kila mtu akiteremka kilima chake kichwani.

Usiku ule sikulala.
Mtu akiogopa hakanyagi kwa mguu;
hukanyaga kwa kiuno, kwa mgongo,
kwa jina la mama yake.
Alfajiri nikazitupa reli za mafaili.
Nikakata chuma cha pembe, nikasaga,
nikaweka pini mbili, kushoto na kulia,
nene kama kidole gumba,
na springi ya kuzirudisha ndani zenyewe.
Matundu manane.
Grisi bila uchoyo, kwani hewa ya hapa
hula chuma ikiwa imefumba macho.

La nane la baba. La tatu langu.
Siku goti likimsumbua, baba huhamia la saba;
hasemi, ila asubuhi naona grisi imesogea.
La kwanza nililitoboa basi tu,
mstari usionekane na pengo.

Ijumaa, baada ya alasiri, mama akatoka jikoni
mikono ina unga, hakumwuliza mtu.
Akaiinua leso, akavua ndara, akaingia.
Miaka thelathini na mmoja
kiti chake ni cha pembeni, mkoba mapajani.
Nikavuta wenzo.
Bamba likaja likilia kidogo,
la tatu, la pili, la kwanza.
Pini zikaingia: ko, ko.

Akanyoosha mguu.
Ncha ya kidole ikagusa breki.
Ncha tu.

Baba akatazama juu kama anayetafuta mvua.
Mimi nikaitazama kalenda yangu ukutani,
vipimo vyangu, vipimo vya baba,
hata vya Shee, mtoto wa jirani, atakapokua.

"Mimi hujanipima," mama akasema.
Hakupandisha sauti.
Nikaenda kuchukua rula.

"Na ile ya kutobolea," akaniita nyuma,
mguu bado ameunyoosha,
unga ukimdondoka polepole juu ya grisi.